Meza na Stoo

Siprosa kaja na simu iliyoganda,
kioo kimepasuka kama tope la Nyalenda kiangazi.
"Nimefuta picha mia nne," akasema, "bado inakokota miguu."

Nikamuuliza: pale Kibuye, meza yako
hubeba suruali ngapi?
"Thelathini, zikibanana."
Na stoo?
"Marobota sita. Na panya."

Basi. Hifadhi ndiyo stoo. Kumbukumbu ni meza:
jioni huachwa tupu, asubuhi hupangwa upya.
Kilichojaa ni meza, mama. Stoo ilikuwa na nafasi.

Akanyamaza, kidole juu ya ufa.
"Na sauti ya Ochola, ile aliyoniagia wodini,
niliyoifuta jana ili simu ikimbie?"

Nikashika bisibisi.
Hapakuwa na skrubu ya kufungua.