Staringi

Shilingi tano kwa Shekue,
mlango wa gunia, banda la mabati, Maweni, Malindi;
nje jua la saa nane,
ndani giza la jasho na maganda ya karanga.

Menza ndiye aliyesoma haraka.
Herufi zilipita mbio, zikitetemeka,
naye akadaka moja, mbele ya jina la mtu:
Staringi.
Wiki ya pili mtu mwingine, pua nyingine,
neno lile lile.
Menza akakata shauri: "Ni yule yule.
Anabadilisha sura tu."

Mbona tusimwamini?
Alipigwa risasi ya bega, akaing'oa kwa meno.
Alitupwa toka ghorofani, akaamka, shati tu limechanika.
Staringi hafi. Sheria.
Siku alipokufa kweli tulivunja mabenchi mawili,
na Shekue, mkono kwenye swichi, akaapa:
"Huyo siye! Mwenyewe yuko kanda ya pili!"
Kanda ya pili haijafika mpaka leo.

Neno likatoka bandani, likazurura mtaani.
Kipa aliyepangua penalti: staringi.
Jogoo wa kina Nyevu, aliyekikimbia kisu Idi mbili:
staringi.

Mwalimu Dzombo akatufumbulia:
asili yake nyota, alisema,
ni mtu anayeng'ara peke yake.
Tukatazamana.
Nyota sisi tulikuwa nazo toka zamani,
ila za kwetu huibiwa, hufifia,
huoshwa kwa kombe ndipo mtu apate kazi.

Mama alikaanga viazi karai mlangoni pa banda
miaka sita, asiingie hata mara moja.
Filamu aliijua kwa sikio:
kwato, vioo, mayowe.
Tukitoka, huuliza, "Kafa?"
"Hafi, mama."
Siku moja, anachuja mafuta, hakuinua uso:
"Na hao wengine wanaoanguka?
Nawasikia wengi. Hao hawana neno lao?"

Tuliwaita maadui, basi.
Majina yao hupanda mwishoni, madogo kama sisimizi,
na Shekue alikuwa akizima mapema, kuokoa umeme.

Siku hizi nabaki kitini.
Mfagiaji ananingoja, kaegemea ufagio.
Mshika taa. Mshona nguo. Aliyeanguka farasini.
Mpishi:
jina refu, la lugha nisiyoijua.
Nalitamka hivyo hivyo,
vibaya,
kwa sauti.