Jirani wa Juu

Mstari mmoja. Tangu Novemba, mstari mmoja tu,
na kidole cha mwisho bado chateleza kwenye uzi.
Haba na haba, wasema. Kibaba changu kinavuja.

Juu ya dari, Zenon apiga roki
kwa vijiti, juu ya mito miwili na godoro,
Bibi Halszka asije akamwitia polisi.
Du-du-ta. Kimya. Du-du, kakosea. Aanza tena.

Hatujuani. Kwenye ngazi twaambiana
theluji ya Gdańsk imezidi, basi.

Wiki jana alinyamaza siku tatu.
Selo ikabaki sandukuni; nikamenya viazi, nikalala mapema.

Leo, saa moja kasorobo: du-du,
kakosea palepale.

Nautia upinde ulimbo.
Haya, jirani, tukosee.