Muhali

Jalada la kwanza leo linanukia makonyo;
limelala palipoanikwa karafuu, sijui kwa nani.
Ndani mna karatasi tatu, na picha ya mkono
uliofungwa kwa kipande cha kanga.
Aliyeikata kanga alilikata na jina lake;
limebaki neno moja juu ya jeraha: KIMYA.

Saa tatu na nusu, hakimu ameita mara ya mwisho:
Mkasi Faki, wa Gando.
Nimeandika niliyozoea kuandika miaka kumi na mmoja
katika mahakama hii ya Wete:
Mlalamikaji hakufika.

Namjua aliyemzuia. Anaitwa Muhali.
Hana miguu, na hufika kabla ya polisi.
Jana baada ya isha alipiga hodi kwa adabu,
kanzu imepigwa pasi. Akatandikiwa mkeka, akapewa kahawa.
Mume ni mtoto wa shangazi, alisema.
Nani alituezekea bati mwaka ule wa upepo?
Msikitini tutatazamanaje?
Kikombe cha pili wakataja gunia la karafuu na laki nne,
wakaandikishana,
na Mkasi akafundishwa namna alivyoanguka.

Mwaka huu tisa wameniambia walianguka ngazini.
Gando, Mtambwe, Ole: nyumba zote za chini.
Ngazi hizo, jamani, zinajengwa na fundi gani?

Mimi si mwakilishi. Ni karani.
Lakini mwenye nyumba ndiye ajuaye bati lavuja wapi,
na mimi nimekinga ndoo chini ya sheria hii muda mrefu.

Ukikutwa usiku na karafuu za magendo
hakuna mjomba wa kukusuluhishia.
Taa zitawashwa, gunia litahesabiwa.
Na gunia halali likivuka bahari lina cheti chake:
bandari yoyote duniani litasomwa, litapimwa,
ikipungua kilo, mtu ataulizwa.
Basi tumeweza. Tumeweza kwa punje.
Nani kasema hatuwezi kwa Mkasi?

Nataka sheria isiyokunywa kahawa.
Iuambie ukoo: kilichovunjwa si chenu, hamwezi kukiuza.
Msamaha ni wa aliyepigwa, akitaka, siku akitaka;
kesi ni yetu sote, wala haifi kwa gunia.
Na gari litoke hapa kumfuata huko huko Gando,
na chumba cha kulala kiwepo usiku ule wa kwanza,
maana usiku ule ndio Muhali anaoupenda.

Wala isiishie ufukweni.
Najua yuko karani mwenzangu, mji nisiowahi kuusikia,
anaandika “hakufika” kwa hati nisiyoweza kuisoma,
na Muhali kwao ana jina jingine: heshima, faragha,
mambo ya ndani ya watu.
Mwenzangu, bati lako linavuja pale pale linapovuja langu.

Saa tano kasorobo mlango umesukumwa kwa bega.
Amekuja kwa mguu. Buibui limejaa vumbi jekundu,
na chini yake imechungulia kanga iliyokatwa upande
na herufi zilizonusurika: SI UJINGA.
“Niandike,” kaniambia. Hakuketi.

Maandishi ya mahakama hayafutwi.
Hukatwa mstari mmoja, pembeni ukaweka saini,
ili kosa libaki linasomeka.
Nimekata. Nimesaini.

Hakimu amekwishainuka; tarehe mpya ni mwezi ujao.
Kupitia dirishani namwona Muhali barazani,
kavua kofia, anajipepea.
Hana haraka.
Anajua mwezi una usiku thelathini.