"Na" au "Au"

Kilomita ya ishirini na moja kusini mwa Nogales,
nimeegesha tela kwa jaribio la tatu.
Yale mawili ya kwanza ilijikunja kama kisu cha mfukoni
na lori la nyanya likanipigia honi mpaka mbwa wakaamka.
Verna ndiye aliyekuwa akisimama nyuma, mkono juu:
kushoto, kushoto, basi.
Leo nyuma kuna vumbi tu,
na vumbi halinyooshi mkono.

Dirisha la kwanza, kibali cha mtalii.
Unakwenda wapi? Guaymas.
Kufanya nini? Kutazama maji.
Siku ngapi?
Hapo nikakwama.
Miaka arobaini na minne nimehesabu siku kwa watu wawili;
ukizigawa, sijui zinabaki ngapi.
Kijana akachoka kunisubiri,
akaandika mia moja na themanini,
akagonga muhuri, pa!
nikawa mtalii.

Kibanda cha fotokopi ni cha don Heriberto.
Mashine yake inakohoa, naye anaipigapiga mgongoni.
Pasi, leseni mbele na nyuma, kadi ya gari.
"Vya gari mara mbili, bwana. Vya tela mara tatu.
Tela haina injini, haiaminiki."

Wakataka namba ya chasisi.
Nikalala chali kwenye changarawe, sarafu mkononi,
nikaikwangua rangi: buluu,
chini ya buluu kijani,
chini ya kijani ile njano ya kiangazi cha Dakota
aliyoipaka Verna mwenyewe, akaipaka na viatu vyangu.
Namba ilikuwa chini ya njano.
Sikutaka kukwangua zaidi. Nikakwangua.

Dirisha la tatu. Kibao kinasema Yesenia Bojórquez.
Kucha rangi ya komamanga, kidole kinatembea juu ya kadi.
"Majina mawili hapa. Huyu Verna yuko wapi?"
Uzito nilikuwa nao, magurudumu, bima,
hata mwaka ile tela ilipoundwa.
"Hayupo."
"Hayupo hapa, au hayupo?"
"Hayupo."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa.
Hakusema pole. Alinigeuzia kadi,
ukucha ukatua kati ya jina langu na lake.
"Ona neno hili dogo.
Lingekuwa *na*, ningekurudisha ulikotoka;
bila saini mbili tela haivuki.
Lakini hili ni *au*."

Ofisi ya kaunti, Nebraska, Februari,
theluji ikiyeyuka kwenye soksi zetu.
Karani hakuinua macho:
niandike *na*, au niandike *au*?
*Na*, nikasema, haraka,
kama mtu anayejibu mbele ya mchungaji.
Verna akasema, *Au*. Andika *au*.

Sikumsemesha maili thelathini.
Kifuta kioo kiliongea peke yake.
Usiku, akiwa amenipa mgongo, akasema,
"Kuna siku mmoja wetu ataivuta peke yake."
Nikajifanya nimelala.
Nilijifanya vizuri mno, hata asubuhi
hakuna aliyelirudia.

"Saini hapa," akasema Yesenia. "Na hapa."
Kalamu ilikuwa imefungwa kwa uzi kwenye kaunta
isije ikasafiri.

Nje nikakagua minyororo,
wa kulia umepita juu ya wa kushoto, kama ipasavyo,
ili mpira ukichomoka
ulimi uangukie mikononi mwake.
Stika ya gari nikaibandika kiooni, imepinda kidogo.
Lori la nyanya lilikuwa bado lipo, limeniziba mbele.
Ikanibidi nirudi nyuma.

Nikashusha dirisha. Nikatazama kioo cha pembeni,
vumbi lote lile.
Kushoto, nikasema kwa sauti,
dereva wa nyanya akanigeukia,
kushoto.
Basi.