Herufi Iliyonitoroka

Miaka ishirini na sita katika kiwanda cha misumari,
Barabara ya Enterprise,
iliniachia pensheni, kikohozi,
na masikio yasiyoshika S.
Mtu akinisalimu "sasa," nasikia "a-a,"
kama anayenikataza kitu.

Basi Datsun ilipoanza kuugua
(namba zake KYT, rangi yake chai iliyopoa)
niliyajua maradhi kwa macho na makalio:
usukani ulitetema, kiti kikatetema,
ikazimika kwenye taa za Jogoo Road
huku nyuma yangu watu wakinitukana
kwa sauti nene, ambazo bado nazipata vizuri.

Gatheca wa Kariobangi alisema plagi.
Nikanunua nne.
Oguta wa Grogan alisema kabureta,
akaifumua juu ya gazeti la Jumapili,
akaipanga upya, ikabaki skrubu moja.
"Hii haina kazi," akasema,
akaitia mfukoni mwangu.
Mpwa wangu alisema niuze.
Risiti nilizitunga jikoni kwenye msumari wetu, inchi tatu:
elfu kumi na moja na mia nne.

Jumamosi, uani kwetu Jericho,
niliiwasha, nikafungua boneti,
nikaweka kikombe cha chai kwenye ukingo wa bodi.
Chai ikafanya mawimbi.
Syombua wa jirani, miaka minane,
alikuwa analeta sufuria waliyoazima.
Akasimama.
"Babu, humu ndani mna nyoka."
Nyoka gani?
Akakutanisha meno, akapuliza.
Sikusikia kitu.
Niliona meno tu, na pengo moja katikati.

Kumbe.
Miezi miwili gari limekuwa likinieleza
kwa herufi ileile moja iliyonitoroka.

"Yuko wapi?"
"Hapa. La, huku. Yuko pote."
Ni kweli, sauti ndani ya mota haina nyumba;
hugonga chuma hiki, ikajibiwa na kile.
Nikanusa kama kuna petroli. Nikanusa tena.
Kisha nikawasha dawa ya mbu, ile ya kuzunguka.
Bi Kerubo akatoa kichwa dirishani, mdomo wazi;
sikuhitaji masikio kujua amesema nitawalipua.

Feni iliupeperusha moshi.
Syombua akaukinga kwa kifuniko cha sufuria.
Tukapita kando ya betri: moshi ukapanda.
Tukapita juu ya plagi mpya, zinang'aa bure: ukapanda.
Nyuma ya kabureta
ukasita,
ukapinda shingo,
ukaingia chini kwa haraka
kama mtu aliyekumbuka ameacha ufunguo ndani.

Nikapeleka vidole ambako macho hayafiki.
Paipu ya mpira, unene wa kalamu,
ncha yake imepasuka kama kisigino cha kiangazi,
imelala tu pale, haishiki chochote.
Na karibu yake kijibomba cha chuma, mdomo wazi,
kinakunywa hewa ya Nairobi bila kipimo.
Nikakiziba kwa kidole gumba.
Kikanivuta, kama ndama.

Nikazima. Nikaomba kisu cha jikoni,
kile kibutu, chenye mpini wa kamba.
Nikakata nusu inchi ya mpira uliozeeka,
nikausukuma uliobaki mpaka ukauma,
nikaufunga kwa waya wa antena.
Gharama: chai kupoa.

Nikawasha tena.
Syombua akainamisha kichwa, akangoja.
"Nyoka amekufa," akasema. "Umesikia?"

Niliangalia kikombe.
Utando wa maziwa umetanda juu yake
kutoka ukingo hadi ukingo, haujikunji.
"Ee," nikamwambia.

Skrubu ya Oguta bado iko mfukoni.
Usiku naigeuza-geuza kwa vidole.
Sijui yenyewe inasema herufi gani.