Nakala ya Rafu ya Nne

Mchana natengeneza meno.
Ya kauri, ya watu waliong'olewa yao.
Nayachonga, nayapaka rangi ya chai hafifu,
kwa sababu jino jeupe mno humsuta mwenyewe.
Ndiyo kazi yangu hapa Thunder Bay,
chumba cha chini, dirisha moja,
theluji hadi kwenye kitasa.

Usiku nilimtengeneza Irja.
Ana miaka kumi na sita, na amekuwa nayo hiyo hiyo
tangu mwaka ghala la ngano lilipoungua.
Hucheza hoki ya barafuni, mlinda lango,
na meno yake mawili marefu
yamefungwa vyuma vya kunyooshea;
mama wa kambo alilipa, hajui anachokinyoosha.

Nilicheka peke yangu jikoni saa kumi alfajiri.
Miaka minne ya saa kumi alfajiri,
kompyuta yenye herufi R iliyong'oka,
Paavo akikoroma nyuma ya ukuta mwembamba.

Kisha nikapiga hodi
kwa mawakala wa vitabu thelathini na tisa.
Nilikuwa na daftari: tarehe, jina, jibu.
Wengi walijibu kwa kimya,
na kimya nacho nikakiwekea tarehe.
Waliosema walisema soko limefurika,
wanyonya damu wamekuwa wengi kuliko shingo.
Mmoja aliandika, kwa upole kabisa,
"Laiti ungekuja miaka kumi iliyopita."
Miaka kumi iliyopita nilikuwa nanyonyesha.

Irja ana sheria moja, ya ukoo wake wote:
haingii nyumba ya mtu hadi aambiwe karibu.
Mlango angeweza kuuvunja kwa kidole.
Hauvunji. Anasimama kizingitini,
theluji haiyeyuki nyweleni mwake,
anangoja neno.
Mgeni njoo, mwenyeji apone:
kwa Irja methali hukatikia katikati.
Sura hiyo niliifuta mara saba.
Mara ya nane sikuhitaji kubuni kitu.

Karibu yangu ilitoka Winnipeg,
kwa Oksana Hrynkiw, mchapishaji
mwenye chumba kimoja juu ya duka la baiskeli.
Nakala mia tisa. Malipo ya awali
yakatosha matairi matatu ya theluji,
la nne nikajazia.
Nilitaka jalada lenye vyuma vya meno.
Nikapewa midomo myekundu, tone, mwezi.
"Lazima wakitambue mara moja," alisema,
nami ambaye kazi yangu yote
ni kutengeneza kisichotambulika
nikatia sahihi.

Siku ya uzinduzi, viti ishirini na vinne.
Paavo. Binti yetu Sanelma, na simu yake.
Bosi wangu. Mzee mmoja aliyeingia kupata joto,
koti hakulivua.
Nilisoma ukurasa wa tatu, sauti ikanikauka.
Mzee akauliza kama msichana huyo anakula samaki.

Kizuri chajiuza, husema watu.
Mimi nilikitembeza.
Kila Alhamisi, nikitoka kazini,
hadi rafu ya nne kutoka chini,
mumiani bega kwa bega, weusi kwa wekundu,
nakigeuza changu uso nje
na kujifanya natafuta kalenda.

Alhamisi ya tatu kilikuwa mgongo nje tena.
Ukurasa wa 31 umekunjwa pembe.
Nilikasirika, kama mtu aliyekuta kiatu cha mgeni
kitandani mwake.
Alhamisi ya nne, 31 imenyooshwa kwa ukucha,
na 58 imekunjwa,
pembeni alama ya kidole, ya mafuta, labda ya chipsi.
Bi Delorme mwenye duka hajamwona mtu.
"Wanafunzi huingia kungoja basi," alisema,
"sina macho ya kila koti."

Nakala ileile. Haijanunuliwa.
Kuna mtu anainywa, kwa kusimama,
kidogo kidogo, bila senti,
na kila akishiba anafunika.

Zimebaki kurasa mia moja themanini na saba.
Nimemwomba Bi Delorme:
hizo nyingine sawa,
lakini hiyo, tafadhali,
usimuuzie mtu.