Leo Siji

Siku ya arubaini ya Yaarub, bibi alinikuta
nimelala ndani ya beseni la kuogea, na nguo zangu, bila maji.
Hakupiga kelele. Alinifunika kanga yake ya Unguja,
akazima taa, akaenda kuwaambia wageni nina homa.

Kwetu Mabela kila ugonjwa ni homa,
na kama si homa, ni jicho la mtu.
Nilisomewa. Nilifukizwa ubani hata paka akahama.
Shangazi alimtaja jini wa wadini
kama mtu amtajaye jirani mwenye deni.
Mama hakutaja kitu.
Mama alifua kanzu ya Yaarub kila Alhamisi,
akaianika, akaipiga pasi, akaitundika
kwa Ijumaa ya nani.

Gari lilitolewa matopeni siku ya tatu.
Miwani yake ya jua ilikuwa drooni,
haina hata mkwaruzo.

Sikumwambia mtu kwamba ni mimi niliyempigia usiku ule:
niletee mkate wa jibini na chipsi, usichelewe.
Usichelewe.
Neno dogo vile, nimelikalisha chini ya ulimi
tangu Aprili, halitemeki, halimezeki.

Wewe ulikuwa namba arubaini na sita.
Mimi arubaini na saba.
Kiyoyozi cha kliniki kilidondosha maji kwenye ndoo
nawe ulikuwa ukiyahesabu, midomo inacheza.
Ukasema umemsindikiza mamako.
Nikatazama kiti cha pili: funguo, chupa ya maji, hakuna mama.
Nikasema mimi nina homa.
Tulicheka, Mundhir, tukacheka
hata yule nesi wa Kerala akaja kuuliza nani ni mgonjwa.

Hukuniambia nitapona.
Hukuniambia amepumzika, ni mipango ya Mungu, jikaze.
Uliniandikia saa tisa za usiku:
ndugu yako alikuwa akipenda chipsi zipi?
Nikalia. Mara ya kwanza, simu kifuani, inachaji.

Sisemi mapenzi yalinitibu.
Tukisema hivyo tutamdhulumu Daktari Ghaniya
aliyeniacha ninyamaze nusu saa nzima bila kutazama saa,
na kile kidonge cheupe, nusu asubuhi, nusu usiku.
Wewe ulikuwa mtu wa kumwambia
kwamba kidonge kinakausha mdomo.
Nawe ukaniambia chako kinakunenepesha mashavu.
Nikayatazama mashavu. Ndiyo ilivyoanza.

Halafu Februari ikaja na mawingu.
Jina langu ni wingu, Muzna, wingu lililobeba mvua;
baba aliniita hivyo kwa shukrani,
nchi hii mvua huombwa kwa sala.
Watoto wa jirani walitoka kucheza, kandambili mkononi.
Mimi nikafunga pazia.

Ulikuwa unatoka Amerat. Leseni yako ina miezi minne.
Tuliagana saa kumi, mgahawa wa karak,
gari lako kule, gari la dada huku, dirisha kwa dirisha.
Nikaanza kukuandikia.
Kila nililoandika lilikuwa na sura ya neno lile.
Nikafuta. Nikaandika. Nikafuta.
Nikaitia simu ndani ya jokofu, usinicheke.

Ikaita humo saa kumi na robo,
baina ya laban na bakuli la ndimu.
Nilisikia mvua juu ya bati la gari lako,
na honi nyuma yako, nyingi, za watu wenye haraka.
“Muzna. Maji yamekata barabara.
Si mengi. Wenzangu wanavuka.
Mimi nimegeuza gari.
Leo siji.”

Nikakaa sakafuni, mlango wa jokofu wazi,
baridi miguuni, na lile neno chini ya ulimi
likasogea kidogo. Kidogo tu.

Bibi akachungulia. Nani huyo?
Mtu ambaye haji, bibi.
Haji?
Haji.
Akanitazama uso, akautazama tena,
kama anayesoma barua ya mwandiko aliousahau.
“Haya,” akasema. “Funga jokofu, maziwa yataharibika.”